Upande wa Kushoto wa Sahani

4 Machi

Dada yangu,

Kaa chini kwanza. Kama una sindano mkononi iweke, maana utajichoma. Bi Kufuli yuko wodini kwangu.

Ndiyo, huyo huyo. Mke wa pili wa baba, aliyeingia nyumbani kwetu hata mwaka mama hajamaliza kaburini, akatia kufuli la shaba kwenye kabati la chakula. Yuko kitanda namba kumi na moja, cha dirishani. Alipigwa na kiharusi wiki iliyopita, akaletwa na mwenye nyumba wake, ambaye aliacha mfuko wa nguo na hajaonekana tena. Niliposoma jina kwenye faili nilijiambia majina hufanana. Halafu nikaona kile kidole gumba chenye kovu la pasi, tangu zile siku alizokuwa akipiga pasi mashuka ya hoteli. Nikarudi kwenye faili, Dada, nikalisoma jina upya.

Yeye hakunijua. Atanijuaje? Aliponiona mara ya mwisho nilikuwa na miaka saba, mbavu zinahesabika, kichwa kikubwa kuliko mabega, na wewe ulikuwa umeshanibandika jina la Kijiti hadi mtaa mzima ukalipokea. Leo nina miaka thelathini na minane, mwili nimejaliwa, na nimevaa sare.

Ngoja nikueleze ugonjwa wake, kwa sababu una jambo la ajabu. Kiharusi kimeuchukua upande wa kushoto, na si mkono na mguu tu. Ubongo wenyewe umesahau kwamba kuna kushoto. Macho yake ni mazima, lakini ukisimama upande huo hakuoni. Ukimwekea sahani anakula nusu ya kulia, anaikwangua mpaka inang'aa, kisha anaweka kijiko chini na kusema amemaliza. Nusu ya kushoto imejaa viazi na mboga, na yeye anaona sahani tupu. Dawa yake ni rahisi kupita kiasi: unaizungusha sahani. Chakula kinahamia kulia, na yeye anaendelea kula. Wanafunzi wa uuguzi tunawafundisha hivyo siku ya kwanza.

Mchana wa leo zamu ya kumsimamia ilikuwa yangu. Nilimkalisha wima, mto mgongoni, kitambaa kifuani. Akala nusu yake, akaweka kijiko. Nikabaki nimesimama na ile sahani mbele yangu. Nilikumbuka jinsi nilivyokuwa nikilamba chumvi iliyoota ukutani kwa njaa. Nilikumbuka vile vijiko viwili vitatu ulivyonimegea kwenye chakula chako, wewe mwenyewe mtoto wa miaka kumi na mbili. Nilikumbuka ile siku uliyoniogesha uani mchana kweupe, baba akashuka kwenye lori, akaniona nilivyo, akamtupia yule mwanamke masanduku yake nje. Bila wewe ningekuwa udongo.

Nikachukua trei, nikairudisha jikoni. Sahani sikuizungusha.

Niambie kama nimekosea. Nimekuandikia kwa sababu mambo haya hayasemeki kwenye simu.

Mdogo wako,
Kijiti


10 Machi

Mdogo wangu Kijiti,

Barua yako imenikuta na gauni la bibi harusi mezani, na baada ya kuisoma nimeshona mkono mmoja ndani nje. Nimelifumua, nimelishona, nimekosea tena. Mwishowe nimefunga cherehani nikaja kukuandikia.

Kwanza nijibu hili: anaongea? Kumbukumbu anazo? Watu wa kiharusi nasikia wengine hubaki kimya kabisa, wengine huokoteza maneno, leo hili kesho lile, wanataja watu waliokufa na kuwasingizia walio hai. Kama anaongea, usimsikilize. Utajitonesha kidonda bure.

Pili, omba uhamishiwe wodi nyingine. Sema mgongo unakuuma, sema chochote. Wewe una moyo mwepesi hata kama unajifanya jiwe, nami nakujua tangu nilipokuwa nikikubeba.

Kuhusu sahani, sikulaumu hata kidogo. Nani aliwahi kuwazungushia watoto wawili yatima sahani yao? Lakini usimwambie wewe ni nani. Hilo nakusihi. Hakuna unachohitaji kusikia kutoka kwenye mdomo wake.

Wanangu wanakusalimu. Kitinda mimba wangu kila jioni ananidai hadithi ileile, jinsi nilivyomlea Mama Mdogo wake, na nikiruka mahali ananisahihisha.

Dada yako


19 Machi

Dada,

Wodi sihami. Tena nimejitolea kitanda kumi na moja niwe nacho mimi asubuhi mpaka jioni, na wenzangu wananishukuru, maana kumlisha mtu wa namna hii kunachukua nusu saa nzima na wagonjwa wengine wanapiga kengele.

Sikiliza jinsi kisasi kilivyo chepesi. Simtukani, simfinyi, simnyimi kitu. Trei inafika saa sita na nusu ikiwa na kila alichoandikiwa. Namkalisha wima kama kitabu kinavyotaka. Namtazama koo lipande lishuke kabla hajachukua kijiko kingine. Akimaliza namwangalia shavuni asije akabakiza kitu, maana upande wa kushoto chakula hujificha humo na yeye hana habari. Kila kitu nakifanya isipokuwa kimoja. Kwenye chati naandika ukweli mtupu: amekula nusu, amesema ameshiba.

Jumatatu tulimpima. Amepungua kilo tatu. Mtaalamu wa lishe akaja na kalamu yake, akatikisa kichwa, akaagiza aongezewe chakula. Wakakiongeza. Kimeongezeka pande zote mbili, Dada! Nilikwenda kucheka chumba cha mashuka mpaka machozi yakanitoka. Siku zangu za mapumziko wenzangu huizungusha sahani na chati inapanda kidogo, lakini hakuna aliyeunganisha.

Uliuliza kama anaongea. Anaongea. Ulimi mzito, maneno yanatoka yamelowa, ila akili ni yake. Na unajua anachosema? Kila nikimwekea trei ananiuliza, "Wewe umekula, mwanangu?" Mwanangu! Anawauliza wauguzi wote, na wao wanaona ni bibi mpole. Damu inanichemka. Huyu ndiye yule aliyekuwa akifunga kabati alfajiri anakwenda kazini, anarudi giza limeingia, wala haulizi. Unakumbuka Jumapili, siku yake ya mapumziko? Alitupakulia mpaka sahani zikafurika, akatukalisha barazani ili majirani waone. Mimi nilikula hadi nikatapika. Mpaka leo Jumapili siwezi kula kwa raha.

Sasa mifupa ya mabega yake imeanza kutoka. Ninapombadilisha nguo naihesabu.

Kijiti


26 Machi

Kijiti,

Nimeisoma barua yako mara nne. Wewe ni mtu mzima, unajua kazi yako, nami si muuguzi. Sitakwambia acha, sitakwambia endelea.

Nitakwambia tu kwamba yule mwanamke ameishi miaka yake. Kama ni wa kwenda, aende, na aende kimya. Hakuna ndugu wa kumlilia, wewe mwenyewe umesema. Ila wewe usiongee naye. Narudia. Mpe chakula, ondoka. Akianza za zamani, mwambie una wagonjwa wengine.

Barua zangu usiziweke. Zichome ukishasoma, watu wa kazini wana macho.

Mume wangu ananiuliza nina nini siku hizi, eti nakata nguo za watu bila kupima. Nimemwambia ni joto.

Dada yako


2 Aprili

Dada,

Nimemwambia.

Najua ulinikataza. Lakini leo mchana aliniuliza tena, "Umekula, mwanangu?" nami nikashindwa kujizuia. Nikainama upande wake wa kulia, pale anapoona, nikamwambia: "Mimi ni Kijiti. Nilikula lini nyumbani kwako, Bi Kufuli?"

Machozi yakamtoka jicho la kulia, na la kushoto pia, ambalo yeye hajui kama analo. Mkono wake mzima ukanigusa mkono, akanipapasa mpaka begani, akasema, "Umenenepa. Mungu wangu, umenenepa." Nikajitoa. Nikamuuliza, kwa nini? Kwa nini ulinifungia chakula? Na hapo, Dada, sikia alichosema huyu nyoka. Alisema, "Sikukufungia. Ufunguo nilikuwa namwachia mkubwa."

Mkubwa, yaani wewe!

Nilihisi kama nimemwagiwa maji ya moto. Miaka thelathini na moja, mwili nusu umekufa, hajui kesho, na bado ana nguvu ya kukusingizia wewe uliyenimegea tonge lako! Ningeweza kumsamehe njaa. Huenda ningechoka, nikaizungusha ile sahani siku moja nikasahau. Hili silisamehe.

Sasa nakueleza jambo, na barua hii ndiyo uichome wewe. Huyu mgonjwa hanywi maji ya kawaida. Koo lake ni zito, maji mepesi yanalipita kabla halijajifunga, yanakwenda mapafuni. Kila anachokunywa tunakikoroga na unga maalumu mpaka kiwe kizito kama uji, na juu ya kitanda chake kuna kibao chenye maandishi mekundu kinachosema hivyo. Bilauri moja ya maji matupu, akiwa amelala chali kidogo. Atapaliwa. Baada ya siku mbili homa, baada ya wiki basi. Inatokea kwenye wodi za watu waangalifu kuliko sisi, na hakuna anayeuliza sana.

Jumapili matroni hayupo na wauguzi tuko wawili. Nitampa mchana, saa ya chakula. Nimechagua Jumapili makusudi, siku yake ya kutupakulia majirani wakitazama.

Usinijibu. Nakuandikia ujue tu kwamba jina lako limelindwa.

Kijiti


6 Aprili

KWA MKONO WA DEREVA WA BASI. AKABIDHIWE MUUGUZI MWENYEWE, WODI YA WANAWAKE. NI YA KUFA NA KUPONA.

Kijiti, usimpe maji. Usimpe. Ufunguo nilikuwa nao mimi.

Simu yako umeizima, na ya hospitali nimeipiga tangu asubuhi, inaita haipokelewi. Dereva huyu ni mteja wangu, ameapa atafika Jumapili mapema. Usimpe.

Aliuning'iniza shingoni mwangu kwa kamba ya kiatu, ndani ya blauzi, kila alfajiri kabla ya kwenda hotelini. Aliniambia, "Wewe ndiye mkubwa, mdogo wako asishinde na njaa." Alikuwa akiacha sahani mbili zimefunikwa, yako na yangu, sawasawa. Kufuli alilinunua kwa sababu nilimdanganya kwamba watoto wa jirani wanaingia kuiba. Yangu nilikula. Yako niliimwaga juu ya ua, kwa kuku wa jirani. Wale kuku uliokuwa ukiwashangaa jinsi walivyonona, Kijiti. Nikarudi kukwambia ameacha sahani moja tu, ya mkubwa. Kisha nikakumegea vijiko viwili vitatu vya kwangu, nawe ukanishukuru.

Akirudi jioni nilimwambia umeshakula, umelala. Ulikuwa umelala kweli, kwa kukosa nguvu. Alikubeba mgongoni mara mbili akakupeleka zahanati, akidhani ni minyoo. Wewe hukumbuki, ulikuwa na homa. Jumapili alikuwa nyumbani, ndiyo maana siku hiyo ulikula. Alikukalisha barazani kwa sababu kulikuwa na upepo.

Kwa nini. Najua utauliza. Alilala kwenye kitanda cha mama. Alitundika nguo zake kwenye misumari ya mama. Baba alikuwa akicheka naye, Kijiti, na mama hata majani hayajaota juu yake. Nilimwambia baba simtaki, akanipiga kibao. Nikaona maneno yangu hayasikii, labda atausikia mwili wako. Nilidhani mwezi mmoja utatosha. Lakini baba alikaa safarini, akirudi anaingia usiku, anaondoka usiku, na mimi nilikuwa nimeshaanza, na kila ulivyokonda niliona kazi inakaribia kwisha. Siku ile ya kukuogesha uani nilikuwa nimelisikia lori likipinda kona. Nilisubiri lisimame ndipo nikakuvua gauni.

Alipokuwa akiokota nguo zake nje alinitazama. Kisha akafunga sanduku, akaondoka bila kunitaja kwa baba. Kamba ya kiatu ilikuwa bado shingoni mwangu.

Nilikubali umnyime chakula. Nilisoma barua yako, nikaona siri yangu inakufa polepole na mikono yangu ikiwa safi, nikanyamaza. Huo ndio ukweli, sijisafishi. Lakini hili la maji ungelibeba wewe maisha yako yote kwa ajili ya jina langu, na jina hilo halikuwahi kuwapo.

Usimpe maji.

Dada


15 Aprili

Kwako,

Dereva alinikuta getini Jumapili saa tano, nikadhani umeniletea kanga. Nimesoma nimesimama, chumba cha kubadilishia nguo, halafu nimesoma nimekaa sakafuni.

Bilauri nilikuwa nimeshaijaza tangu asubuhi. Niliiweka dirishani nyuma ya pazia, imefunikwa na kisosi. Nilikwenda nikamwaga yale maji kwenye sinki, nikaosha bilauri, nikaosha tena. Halafu trei ikaja. Akala nusu yake, akaweka kijiko. Nikaizungusha sahani. Alikitazama chakula, akanitazama mimi, akasema, "Kumbe kulikuwa na kingine." Akala chote. Nikaenda kuomba cha pili, akala nusu, nikazungusha, akala nusu. Shingo yake wakati anameza ni ngozi na mishipa tu. Hiyo ni kazi yangu, ya wiki tano.

Jumatatu niliingia ofisini kwa matroni nikafunga mlango nikamweleza yote, sahani na maji. Amenivua zamu siku hiyohiyo. Kamati itakaa mwezi wa tano na huenda nikamwaga unga moja kwa moja. Nakwambia haya usije ukadhani nimepanda mimbari. Mimi nina wiki tano. Wewe una mwaka na ushee, na mtoto mwenyewe alikuwa akikuita mama.

Bi Kufuli nilimweleza kabla sijaondoka wodini. Yangu kwanza, kisha yako, barua nzima neno kwa neno. Kisha akauliza, "Mkubwa anakaa wapi sasa?" Nikampa anwani.

Anatolewa hospitali tarehe ishirini na tatu. Hana mtoto, hana ndugu, na mwenye nyumba wake ameshapangisha chumba. Kwenye fomu, mahali pa ndugu wa kumhudumia, nimeandika jina lako. Utafika Jumatatu hiyo saa nne asubuhi. Atakufundisha matroni mwenyewe, utamsikiliza na utarudia mbele yake mpaka aridhike. Akae wima kabisa, na abaki wima nusu saa baada ya kula. Kijiko kidogo. Usimharakishe, ungoje koo lishuke. Vinywaji vyote viwe vizito. Akikohoa au sauti ikilowa, unasimama. Shavu la kushoto ulikague kwa kidole kila mara. Mara tatu kwa siku, na vitafunio katikati. Na sahani unajua.

Usiponiona hapo usinitafute. Usipofika kabisa, barua yako sikuichoma. Nitapanda basi nije niwasomee wanao, yule mdogo akiwa wa kwanza, kwa kuwa anaipenda sana ile hadithi na anajua kusahihisha panaporukwa.

Muuguzi


10 Juni

Kijiti,

Barua zangu tatu hujajibu. Nakuandikia ya nne kwa sababu sina mwingine wa kumwambia.

Amenenepa. Nimeanza na hilo ujue simdhulumu. Zahanati wamempima, ameongeza kilo sita, na vidonda vya mgongoni vimefunga. Yuko kwenye chumba cha cherehani, nimehamishia kazi ukumbini. Nimefanya kila nilichofundishwa, hata shavu.

Lakini hujui ananifanya nini. Mkono wake wa kulia ni mzima, unajua. Jirani akiingia na uji, anashika kijiko mwenyewe, anakula, anatania, anamsimulia mambo ya hotelini mpaka yule mama anashika mbavu kwa kicheko. Nikiingia mimi anaweka mkono chini ya shuka. Anafungua mdomo kidogo tu, halafu anasema, "Onja kwanza wewe." Kila kijiko. Nina kijiko changu na yeye chake, naonja, nameza, anatazama koo langu lishuke, ndipo anapokea chake. Kijiko kinachofuata, "Onja kwanza wewe." Viazi vya kupondwa visivyo na chumvi. Maziwa mazito kama gundi. Mlo mmoja saa moja na nusu, mara tatu kwa siku, na mimi sijatia kitu changu mdomoni chenye ladha tangu mwezi wa nne. Magauni yamelundikana. Wateja wawili wamehamia kwa fundi wa ng'ambo ya barabara.

Wanangu mwanzoni walicheka, walidhani ni mchezo. Kitinda mimba hacheki tena. Juzi amekaa mlangoni akitazama mlo mzima, kisha akaniuliza kwa nini Bibi hakuamini, Mama. Nikamwambia ni ugonjwa. Bi Kufuli akageuza kichwa kwake, akamtazama. Hajawahi kuniumbua mbele yao hata mara moja. Ananiachia mimi. Kila siku naingia nikijua leo ndiyo atasema, na hasemi.

Nimemwomba msamaha. Nimepiga magoti mara tatu, kando ya kile kitanda, upande anaoona. Nililia kweli, Kijiti, si machozi ya kujipendekeza. Mara zote tatu alinisikiliza mpaka mwisho, akajibu maneno mawili: "Zungusha sahani."

Daktari anasema moyo wake ni imara na anaweza kuishi miaka kumi. Wewe unaniadhibu, yeye ananiadhibu, mimi mwenyewe nimeanza kukonda, nguo zinanivuka. Nakubali nilistahili. Lakini kila jambo lina mwisho wake, hata jela watu hutoka. Niambie tu nijue, nijipange. Mpaka lini?

Dada yako, ukitaka usitake


17 Juni

Dada,

Kamati imeamua. Sare nimevuliwa kwa miezi sita, kisha nitaanza chini kabisa, nikisimamiwa na mtu kila ninapomlisha mgonjwa. Sikukata rufaa.

Umeuliza mpaka lini.

Mpaka ashibe.

Kijiti